Raba, jezi na mfuko wa takataka: siku zetu za vilima vifupi

Alhamisi usiku

Kesho asubuhi tunaanza kutembea, kwa hiyo usiku huu sebule nzima imejaa vitu sakafuni, na mimi napenda hivyo, kila kitu kitolewe kionekane kabla hakijaingia begini, maana kikishaingia unakisahau na mgongo ndo unakuja kukikumbuka baadaye. Tuko watatu: mimi, mpwa wangu ambaye hii ni mara yake ya kwanza kutembea porini, na rafiki yangu wa kazini ambaye tunaitana kaka. Mpango ni matembezi mafupi mafupi, unatoka asubuhi unarudi kulala ndani, hakuna hema wala jiko wala godoro, na hilo ndo jambo la kwanza nililomwambia mpwa alipoanza kunitumia picha za mabegi makubwa yenye mikanda kumi. Kama jioni unarudi kulala kitandani, vitu vingi unavyoonyeshwa madukani havikuhusu.

"Sawa mjomba, lakini hili begi langu la shule kweli litatosha?"

Litatosha. Begi la lita 20 hivi, lenye mikanda miwili mipana, linabeba kila kitu cha siku moja. Kasoro zake ni mbili tu, mgongo wake ni laini kwa hiyo vitu vinakuchoma, na kitambaa chake kinapitisha maji. Ya kwanza nimeitibu kwa kipande cha mkeka wa mazoezi wa zamani, ule wa povu, nimekikata saizi ya mgongo wa begi nikakisimamisha ndani, sasa begi limenyooka na halichomi, na tukipumzika anakichomoa anakikalia. Hicho cha kukalia msikidharau, watu wengi wanaanza kusikia baridi pale walipokaa kwenye jiwe au nyasi zenye maji, na wanadhani ni upepo.

Ya pili dawa yake ni mfuko mkubwa wa takataka, ule mweusi mzito, mpya. Unauweka NDANI ya begi, sio nje. Vitu vyote vinaingia humo, halafu unauminya hewa itoke, unausokota mdomo mpaka ukaze kama kamba, unaukunja mara moja, unaufunga na mpira wa nywele. Vile vifuniko vya kuvalisha begi kwa nje mi siviamini kwa mvua ya kweli, maji yanashuka mgongoni mwako yanaingia upande wa mikanda ambako kifuniko hakifiki, na upepo ukiwa mkali kinang'oka. Mfuko wa ndani hauna pa kwenda.

Chupa za maji ni hizi hizi za plastiki za lita moja na nusu, zimeoshwa. Maji lita moja ni kilo moja, hapo hakuna ujanja utakaopunguza, kwa hiyo cha kupunguza ni uzito wa chombo, na chupa ya chuma tupu tu inakuongezea uzito ambao ungeweza kuwa maji ya kunywa. Chupa nzito zinakaa katikati ya begi karibu na mgongo, nguo zinajaza pembeni, na kitu utakachokihitaji haraka kinakaa juu kabisa.

Kaka amekuja na buti mpya za ngozi nzito, soli bado inang'aa. Ni buti nzuri, sina neno nazo, ila buti za namna hiyo zinataka wiki kadhaa za kutembelewa taratibu kabla hazijakubali mguu wako. Nikamwomba, kaka, zile raba zako za kukimbilia ziweke kwenye gari hata kama hutazivaa. Akasema haya.

Mpwa akauliza kama raba zinatosha porini, nikamsimulia habari za Emma Gatewood, bibi wa Kimarekani, mama wa watoto 11, ambaye mwaka 1955 akiwa na miaka 67 alitembea peke yake njia yote ya Appalachian Trail, ile njia ndefu ya miguu ya milimani mashariki mwa Marekani, zaidi ya kilomita 3,200, kwa raba za kitambaa, na vitu vyake vikiwa kwenye mfuko alioushona mwenyewe anaubeba begani, na kwa mvua alikuwa na pazia la bafuni la plastiki. Halafu akarudia tena mwaka 1957. Simwambii mtu aende porini na pazia la bafuni, ila mtu akikwambia huwezi kupanda kilima cha asubuhi moja mpaka uwe na koti la bei mbaya, mkumbuke huyo bibi.

Vilivyonunuliwa kwa ajili ya safari hii ni vichache: soksi, tepu nyeupe ya kitambaa ya kufungia viungo wanayotumia wanamichezo, blanketi la dharura la karatasi ya fedha, na filimbi. Vingine vyote vimetoka kabatini.

Ijumaa, njia ya msituni

Leo ilikuwa tambarare, njia ya msituni inayofuata mto, na nilipanga hivyo makusudi maana siku ya kwanza ni ya kusikiliza miguu. Ningekuwa na hela ya kitu kimoja tu katika mambo yote haya ningeiweka miguuni, na sio hata kwenye viatu, kwenye soksi. Soksi za pamba tupu zinafyonza jasho na kulishikilia, ngozi inalainika, na ngozi laini yenye unyevu ikivutwa huku na huku ndani ya kiatu ndo lengelenge linaanza. Soksi za sufu, au za nyuzi za viwandani kama zile za wakimbiaji, zinatoa unyevu na zinakauka haraka. Ukiwa na pea mbili nzuri, moja mguuni moja begini, umeshawazidi wengi wenye viatu vya gharama.

Kabla ya kuanza nilimkalisha mpwa nikamfunga kamba za raba upya. Raba nyingi zina tundu moja la ziada juu kabisa karibu na kifundo, watu hawalitumii wala hawajui kazi yake. Unapitisha kamba kutoka tundu la chini yake kwenda hilo la juu UPANDE HUO HUO, huikazi, unaacha kitanzi kidogo, unafanya hivyo pande zote mbili, halafu ncha ya kulia unaipitisha kwenye kitanzi cha kushoto na ya kushoto kwenye kitanzi cha kulia, sasa vuta, ukivuta kwenda chini utaona kiatu kinabana kifundo na kisigino kinakaa nyuma kabisa hakipandi hakishuki, unafunga kama kawaida. Alisimama akatembea hatua chache akanitazama, "Mjomba hivi ni viatu vile vile?" Ni vile vile.

Tulikuwa hatujafika mbali kaka akaanza kutembea kwa kuchagua pa kukanyaga, hakusema kitu lakini nilimwona. Nikasema tusimame. Watu wengi wazima wanaona aibu kusimamisha wenzao kwa ajili ya kisigino, na ndo maana jioni wanashindwa kuvaa ndala. Ile hali ya kuhisi sehemu moja inapata moto ndo wakati wa kushughulika, ukisubiri mpaka iume umeshachelewa. Alivua buti, kisigino kilikuwa chekundu, duara la ukubwa wa sarafu, ngozi bado haijainuka. Tukakikausha kwanza kwa kitambaa, tukaacha kipigwe na upepo dakika kadhaa, maana tepu haishiki ngozi yenye jasho. Nikakata kipande cha tepu kipana kuliko ule wekundu, nikazikata zile pembe nne ziwe za mviringo, hapa ndo siri ilipo, pembe kali zinakunjuka kwenye soksi na tepu yote inajikusanya inakuwa kidonda kingine. Unaibandika kuanzia katikati kwenda nje bila mkunjo hata mmoja, halafu unaweka kiganja juu yake unaikandamiza mpaka ipate joto, gundi inashika vizuri zaidi ikiwa na joto. Soksi unaivaa kwa kuikunja na kuiteremsha juu ya kisigino, usiivute ikaikokota tepu.

Akavaa raba zake, alikuwa amezitoa kwenye gari akazining'iniza begini, na buti zikabebwa. Akatembea hadi mwisho bila tatizo. Kama lingekuwa limeshakuwa lengelenge na ni dogo na halijapasuka, tungeliacha hivyo hivyo, ile ngozi ya juu ndo bandeji yenyewe, tungezungushia kitu laini chenye tundu katikati ili kiatu kisiliguse.

Mto tuliuvuka mara moja, maji ya vifundoni. Watu wananunua viatu visivyopitisha maji kwa ajili ya sehemu kama ile, mi kwa matembezi mafupi sehemu zenye joto nachagua raba ya wavu inayopitisha, kwa sababu kiatu kisichopitisha maji kikishaingiwa na maji kwa juu hakiyatoi, na hata bila mto unalowana kwa jasho lako mwenyewe. Raba ya wavu inaingia maji na kuyatoa, ukitembea kidogo miguu inapata nafuu. Kwenye baridi kali au theluji ni habari nyingine kabisa, huko mguu mkavu ni lazima.

Jumamosi, kilima na mvua

Kilima cha leo kwenda na kurudi ni kilomita 8 na unapanda mita kama 450. Mpwa alisema kilomita 8 ni saa moja na nusu, tukapiga hesabu pamoja kwa kanuni ya Mskotishi mmoja, William Naismith, aliyoitoa mwaka 1892 na watu wa milima bado wanaitumia: saa moja kwa kila kilomita 5, halafu ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa hiyo dakika 96 za umbali na dakika 45 za mwinuko, saa mbili na dakika ishirini na kitu, na hapo hujapumzika, hujapiga picha, na hujaongeza kwa ajili ya mgeni. Tukajipangia nne. Hii hesabu ni ya bure na naihesabu kuwa kifaa cha kwanza, ndo inakwambia ubebe maji kiasi gani na kama utahitaji tochi.

Sasa mavazi. Chini kulikuwa na joto na mpwa alitaka kuvaa fulana yake nzuri ya pamba na suruali ya jinzi. Nikamwambia hapana mama, vaa jezi. Jezi ya mpira wa miguu, hii hii ya kawaida, ni poliesta nyembamba, hainywi maji mengi na ikilowa inakauka mwilini ukiwa unatembea. Fulana ya pamba ikilowa inabaki na maji inakulalia mgongoni, na maji yanaondoa joto mwilini kama mara 25 zaidi ya hewa, hata mahali ambapo sio pa baridi unaweza kutetemeka. Jinzi ndo mbaya zaidi, nzito, inakaza magoti, na haikauki leo wala kesho. Suruali ya mazoezi inamtosha mtu yeyote.

Ukipanda, joto linashuka kwa wastani wa nyuzi 6.5 kila mita 1,000, kwa hiyo kilima chetu ni nyuzi tatu tu hivi, sio kitu, ila juu kuna upepo na hakuna miti, na tulivyofika karibu na kilele wingu likafunga na mvua ikaja. Nilisikia ngurumo moja mbali. Tukahesabu sekunde toka mwanga hadi sauti, sauti inatumia kama sekunde tatu kwa kilomita moja, ukihesabu chini ya 30 maana yake radi iko ndani ya kilomita 10 na hutakiwi kuwa juu ya kilima. Tulihesabu 27. Kilele tulikuwa tunakiona, mpwa alikitazama sana, na nikawaambia tunashuka sasa hivi, na tukashuka, mwavuli nimeukunja. Tulifika kwenye vichaka vifupi upande wa chini tukachuchumaa kwenye vile vipande vya povu, tumetawanyika kidogo, mbali na mti mrefu uliosimama peke yake, na tukangoja nusu saa kamili baada ya ngurumo ya mwisho.

Hapo ndo kila kitu cha Alhamisi usiku kilipofanya kazi. Nilikuwa nimebeba mfuko wa pili wa takataka, nikakata tundu la kichwa na mawili ya mikono, mpwa akauvaa juu ya jezi. Unatoka jasho kwa ndani, kweli, unyevu hauna pa kutokea, ila unazuia upepo na maji na kwa mvua ya muda mfupi nauchukua bila kusita. Kaka alikuwa na koti lake la mvua la kweli, zuri, akakaa vizuri, na sikatai hata kidogo kwamba anayetembea kwenye mvua kila wiki lile koti linamfaa. Mpwa alianza kutetemeka midomo, tukafungua blanketi la fedha. Lile limetokana na kazi za NASA, shirika la anga za juu la Marekani, za mwaka 1964, ni plastiki nyembamba sana iliyopakwa alumini, linarudisha joto lako kwako na linakata upepo, na ukilikunja linaingia mfuko wa shati. Lakini ukilishika kwa vidole kama shuka upepo unalipeperusha na halikusaidii, tulilipitisha ndani ya mfuko wa takataka, likamzunguka mwili, mfuko ukalishikilia juu yake, na begi mgongoni. Baada ya muda akaacha kutetemeka akaanza kuuliza tutakula saa ngapi, nikajua amepata nafuu.

Tulivyofika chini tukafungua mifuko ya ndani ya mabegi. Begi la mpwa kwa nje ukilikamua lilikuwa linatoa maji. Ndani soksi kavu, sweta kavu, simu kavu. Akabadili nguo zote nyuma ya mwamba akatoka anacheka.

Mwavuli niuseme pia maana watu wanaucheka njiani. Mvua ya utulivu isiyo na upepo wala radi, hakuna kinachoushinda, hewa inapita, huloi jasho, na kesho yake likiwaka jua ni ule ule. Upepo ukija unaufunga unakuwa fimbo.

Jumapili

Leo hatukutembea, tumekausha. Raba tumetoa kamba na zile soli za ndani, tumezijaza magazeti, tukabadilisha magazeti kila yalipolowa, zikakaa kivulini penye upepo. Usiweke kiatu karibu na moto wala hita, gundi inaachia na soli inafunguka, viatu vingi vya bei nafuu vinakufa hivyo na watu wanalaumu kiwanda. Magazeti tuliyoyatoa jioni yalikuwa makavu kabisa.

Jumatatu, mgongo wa kilima

Siku ya jua tupu. Njia ya leo inafuata mgongo wa kilima, haina mti hata mmoja kwa saa nzima, kwa hiyo kazi ilikuwa ya kofia ya pama, shati la mikono mirefu juu ya jezi, na mwavuli. Mionzi mikali ya jua inaongezeka kama asilimia 10 kila mita 1,000 unazopanda, na upepo wa juu unakudanganya kwa sababu husikii kuungua. Shingo na masikio ndo vinaungua kwanza, kitambaa chepesi chini ya kofia kinatosha, ukilowesha kitambaa chenyewe ni raha zaidi. Krimu ya jua ya SPF 30, hicho ni kipimo cha kinga yake, inazuia karibu asilimia 97 ya mionzi inayounguza ila lazima urudie kila baada ya saa mbili, na kwa sisi wenye bajeti nguo ndefu ndo krimu isiyoisha, tumebakiza krimu ya uso na mikono.

Kaka alitoka jasho sana na ilipofika mchana akasema kichwa kinamgonga ingawa alikuwa anakunywa maji. Tulikuwa na chupa moja tuliyoitengeneza asubuhi, lita moja ya maji safi, vijiko vya chai sita vya sukari vya kusawazisha, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Ndo ule mchanganyiko wa kuongeza maji mwilini kila mtu anaujua kwa watoto wanaoharisha, na kwa mtu aliyetoka jasho nusu siku unafaa pia. Alikaa kivulini kwa mwavuli, akanywa taratibu, kofia kaivua, baada ya muda rangi ikamrudia. Angekuwa amechanganyikiwa au ngozi inawaka moto tungekuwa tunampoza kwa maji mwili mzima na kuita msaada, sio kumpa kinywaji na kusonga.

Kuna njia panda mbili juu kule ambazo hazina kibao. Simu ilitutosha. Watu wengi bado wanaamini GPS inataka mtandao, haitaki, simu inapokea ishara za setilaiti zenyewe, kinachotaka mtandao ni ramani, kwa hiyo ramani unaipakua nyumbani. Programu nyingi za bure zinatumia ramani za OpenStreetMap, mradi ulioanza mwaka 2004 ambapo watu wa kawaida wanachora njia wanazozijua, na njia za miguu humo mara nyingi ziko vizuri. Unaweka simu hali ya ndege ili isipoteze chaji kutafuta mnara, GPS inaendelea kufanya kazi kwenye simu nyingi, jaribu yako ukiwa nyumbani. Pawabenki ndogo ilikuwa begini, hatukuigusa. Na bado nilikuwa na ile njia nimeichora kwa kalamu kwenye karatasi ndani ya mfuko wa plastiki, zile njia panda na vijito tu, maana simu ikianguka kwenye mwamba safari haisimami.

Kwenye mteremko magoti ndo yanalipa. Nina mpini wa ufagio wa zamani, nimeukata, juu nimeuzungushia mpira wa ndani wa baiskeli pa kushikia. Urefu wake simama wima, shika, kiwiko kikunje pembe mraba, hapo ndo kipimo chako cha tambarare, ukishuka unashika juu zaidi. Karibu na mshikio nimezungusha tepu ngumu ya fundi, ile ya rangi ya fedha, mizunguko kadhaa, hivyo naibeba bila kubeba rola zima, na leo ilifunga soli ya raba ya mtu tuliyemkuta njiani, mbele imefunguka kama mdomo, tukaizungushia mara tatu akashuka nayo.

Mpwa alikaa nyuma akipiga picha za maua na ukungu ukaingia, sio mzito, ila sauti kwenye ukungu inapotea. Tulikuwa tumekubaliana toka Alhamisi, filimbi inakaa shingoni, sio begini. Akipuliza mara moja, tunasimama. Akapuliza, tukasimama, tukajibu, akafuata sauti akatukuta. Kupiga kelele kunachosha koo na hakufiki mbali, filimbi unapuliza ukiwa hata huna nguvu ya kusema. Na kwa dharura ya kweli kuna utaratibu wa milimani ulioanza 1894: mara sita ndani ya dakika moja, unanyamaza dakika, unarudia, na anayekusikia anajibu kwa tatu. Marekani na Kanada wanatumia tatu kuomba msaada. Sehemu yoyote uliyopo, sauti inayojirudia kwa mpangilio mtu ataelewa sio mchezo.

Jua lilikuwa linashuka nikanyoosha mkono mbele, vidole vimelala, nikavipanga kati ya jua na upeo. Kila kidole ni kama robo saa. Vilikaa vidole sita, saa moja na nusu. Tulikuwa na saa moja ya njia, lakini tochi za kichwani tulizitoa na kuzivaa mapema kabla giza halijaingia, kuitafuta tochi gizani ndani ya mfuko mweusi ndani ya begi ni kazi. Hizi zetu ni za betri tatu ndogo, mwanga wa lumeni 100 na kitu, kwa njia inayoonekana hauhitaji zaidi. Tochi ya simu usiitegemee, inakula chaji unayohitaji kupigia na inakunyima mkono mmoja pale unapotaka kushika mti. Mwisho wa njia tuliufikia bado kuna mwanga kidogo, tochi zikiwa kichwani hazijawashwa, na hiyo naiona sawa kabisa.

Jumanne

Tumerudi. Kwenye gari kaka alikuwa anasema buti atazivaa nyumbani jioni jioni, kwenda dukani, kupanda ngazi, mpaka zilainike, na matembezi yajayo anakuja na raba. Mpwa anaandika kwenye simu vitu anavyotaka, nikachungulia kwa ruhusa yake: soksi pea mbili, tochi ya kwake, basi. Lile begi kubwa halipo kwenye orodha.

Nimefua jezi, nimetoa betri kwenye tochi maana betri ikivuja ndani inaila tochi, blanketi la fedha nimelifungua lote nikalikausha na kulikagua kama lina matobo, halina, limekunjwa limerudi. Ile tepu ya kisigino cha kaka alikuja nayo mpaka jana usiku, akaitoa kwenye maji ya moto, chini ngozi nzima.

Kazi iliyobaki ilikuwa begi la mpwa, mkanda wa kulia ulikuwa umeanza kuachia pale juu unaposhonwa na mgongo, uzi wa kiwandani umekatika nusu. Uzi wa kawaida wa nguo hauwezi uzito ule, tunatumia uzi wa kusafishia meno, ule wa nailoni, ni mwembamba lakini kuukata kwa mikono huwezi, na nta yake inausaidia kupita. Sindano nene, kidole nimekifunika na kofia ya chupa ya kusukumia. Nimemwonyesha mwanzo, unashona mraba kuzunguka eneo lote la mkanda, halafu msalaba wa kona hadi kona katikati yake, ili uzito ugawane kwenye mishono mingi usivute mmoja, na kila mshono unaukaza kabla ya mwingine. Mraba nimeshona mimi, msalaba kashona yeye. Tukaweka chupa mbili zilizojaa ndani, akalibeba akaruka ruka nalo uani, akaliweka chini akaukagua ule mshono kwa karibu, hakuna uzi uliosogea. Jumamosi ijayo analibeba tena, anaenda na wenzake wa chuo kwenye ile njia ya mto, na tayari ameshawaambia waje na mifuko ya takataka.